Sufi ya Mabuti na Gari la Bi Impi

Kila siku akitoka shule, Aili Kangas huingia kwa mlango wa nyuma wa gereji ya baba yake, hutundika koti msumarini na kuketi kwenye kreti karibu na jiko la kuni. Kazi yake inamngoja hapo: gunia la mabuti ya theluji yaliyochakaa. Ndani ya kila buti la kwetu kuna soksi nene ya sufi iliyoshindiliwa, ngumu kidogo kama zulia. Buti likitoboka, watu hulitupa. Reino, baba yake Aili, halitupi. Huichomoa ile sufi, huifua, kisha huikata vipande vya kubandika ndani ya droo na mifuko ya magari, ili vitu visigonge.

Na huku kaskazini mwa Michigan vitu vinagonga kwelikweli. Kila theluji inapoyeyuka, barabara hupasuka. Wakubwa wa barabara huja, huyapaka mashimo lami kama mtu anayepaka mkate siagi ya kuazima, hupigwa picha, kisha hurudi ofisini kwenye joto lao. Mvua ya kwanza tu, mashimo yale yale. Waliounda magari nao wakatuwekea droo za plastiki tupu. Na kila gari la huku lazima libebe vitu vya majira ya baridi: koleo, kikwaruzo cha barafu, kopo lenye mshumaa na kiberiti, ili ukikwama njiani usigande. Basi safari nzima ni kelele, na anayeteseka ni mwenye gari, si yule aliye ofisini.

Siku moja mwanzoni mwa Novemba, theluji ikiwa ndiyo kwanza imeanguka, Bi Impi Saarela aliingia gereji bila kubisha hodi. Zamani alikuwa mpishi wa shule. Sasa amestaafu, na kazi yake kubwa ni kumpeleka kaka yake, Toivo, hospitali ya mjini kusafishwa damu, kwa sababu figo zake zimechoka.

"Reino, gari hili litanitia wazimu," alisema. "Toivo akitoka kule kichwa kinamuuma, anataka kimya tu. Lile kopo linamwimbia kutoka hospitali hadi mlangoni."

"Si gari, ni barabara," Reino alijibu akiwa amelala chini ya lori. "Nenda kawaambie wale wa ofisini."

"Nimewaambia tangu nikiwa na meno yangu yote. Wewe nibandikie sufi."

Mwenye lori lile alilitaka jioni hiyo hiyo. Reino alishusha pumzi. "Aili atakufanyia. Aili, hebu sema kazi inavyokwenda."

"Natoa vitu vyote. Nasafisha mafuta. Nakata kipimo cha karatasi, napasha sufi joto, nabandika. Halafu tunalipitisha gari juu ya reli, litikisike, mimi nikiwa nimeweka mkono juu ya kila droo."

"Na ikigonga bado?" Reino aliuliza.

"Nakuita."

"Unaniita. Hubahatishi."

Mwenye lori alikuwa amekuja na mwanawe, Urho, anayesoma darasa moja na Aili. Urho aliegemea mlango huku akitafuna tufaha. "Fundi wa soksi," alisema. "Kesho utabandika meno ya bibi yako."

"Nitaanza na mdomo wako," Aili alimjibu. Lakini maneno yalimchoma. Darasani walikuwa wameanza kumwita hivyo, na yeye alitaka mno kazi hii isiwe na kasoro.

Alifanya kazi vizuri. Alibandika sufi kwenye droo ya dashibodi, mifuko ya milangoni na kile kidroo kilicho chini ya kiti. Kopo alilishonea kifuko chake. Akakandamiza kila pembe kwa kijiko mpaka gundi ikashika. Kisha akaketi mbele, Bi Impi akaliwasha gari, wakaelekea kwenye reli ya zamani ya mgodi.

Walipita juu ya reli. Kopo kimya. Kikwaruzo kimya. Bi Impi alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Sikiliza hapo. Kama kanisani baada ya watu kwenda zao. Mtoto huyu ana mikono. Jumapili nitawaambia wote." Akaendelea kuongea: jinsi theluji ilivyowahi mwaka huu, jinsi alivyofunga matairi ya theluji mwenyewe Jumamosi bila kumngoja mwanamume yeyote, jinsi mgongo ulivyomlipa kwa maumivu.

Aili alikuwa anasikiliza kitu kingine. Ngo, ngo, ngo. Sauti nzito, ya chini, upande wa dereva. Alinyoosha mkono akagusa mfuko wa mlango wa Bi Impi. Haukutetemeka. Bi Impi alipoongeza mwendo, sauti nayo ikaharakisha. Alipopunguza, nayo ikapoa. Yeye hakuisikia; kofia yake ya manyoya ilikuwa imeshuka hadi masikioni, na mdomo haukupumzika.

Waliporudi, baba yake alikuwa bado chini ya lori, analilaani. Urho alikuwa bado mlangoni, anatazama. Aili akafikiri: nikimwita baba sasa, huyu atasema sufi imeshindwa. Akachukua kipande kinene, akakikunja na kukishindilia chini ya zulia la miguu. Akamwomba Bi Impi azunguke uwanjani mara moja tena. Ngo ngo ilisikika kwa mbali sana, kama mtu anayegonga akiwa ndani ya blanketi.

"Kazi imekwisha?" Bi Impi aliuliza.

"Imekwisha," Aili akasema.

Asubuhi yake, mezani, Reino alikuwa na gazeti na hasira zake za kila siku. Tangu mama yake Aili afariki, gazeti ndilo analogombana nalo. "Wamejiongezea ofisi nyingine. Ofisi. Shimo la mbele ya kanisa linaweza kuficha ndama, wao wanajenga ofisi. Mbona huli?"

Aili aliuzungusha uji wake kwa kijiko. "Baba, kuna kelele inayokimbia gari likikimbia, na gari likipunguza nayo inapunguza. Hiyo ni ya droo?"

"Droo inagonga ukipita shimo. Itajuaje mwendo wa gari?" Kisha akaliweka gazeti chini. "Gari la nani?"

Aili akamwambia yote: sauti, zulia, neno alilomjibu Bi Impi.

"Matairi alibadilisha lini?"

"Jumamosi. Alifunga mwenyewe."

Reino alisimama, kiti kikaanguka. Huku kwetu madereva wanajua kwamba matairi ya theluji ukishayafunga, unaendesha kidogo, halafu unarudi kukaza nati, kwa sababu hulegea. Alipiga simu kwa Bi Impi. Iliita mpaka ikakatika. "Leo ni siku ya Toivo ya hospitali," alisema akivuta koti. "Mtoto wewe, nilikuambia uniite. Neno moja tu nilikuomba. Ingia garini."

Aili hakulia. Alikaa na spana ya magurudumu mapajani, akitazama barabara mbele, na kila mahali theluji ilipochimbika kando ya njia aliinuka kitini kuangalia kama ni gari lililotoka barabarani. Baada ya kijiji cha mwisho kuna mteremko mrefu unaoshuka hadi ziwani, wenye kona na ukingo mfupi. Gurudumu likichomoka pale, hakuna la kulizuia gari.

Gari la Bi Impi lilikuwa limesimama penye duka la mafuta, juu kabisa ya mteremko. Toivo alikuwa ndani amejifunika blanketi. Bi Impi alikuwa anatoka dukani na pai mbili za nyama na viazi.

"Nini tena?" aliuliza. "Mmekuja kunidai?"

Reino alipiga goti kwenye theluji penye gurudumu la mbele, upande wa dereva. Nati ya kwanza ilizunguka kwa vidole vyake. Ya pili pia. Ya tatu haikuwapo kabisa.

Bi Impi alizitazama zile pai kama hajui ni za nini. Kisha akamgeukia Aili. "Uliisikia jana?"

"Niliisikia," Aili akasema. "Nikaifunika. Niliogopa utasema nimeharibu kazi. Nisamehe, Bi Impi. Na wewe, babu Toivo."

"Mimi nilisikia kimya kizuri sana," Toivo alisema kutoka kwenye blanketi lake. "Nilidhani nimepona."

Reino alikuwa anakaza nati kwa nguvu zote na kuguna. "Barabara zingekuwa barabara, nati zisingelegea. Wale wa ofisini..."

"Reino, nyamaza," Bi Impi akasema. "Wa ofisini hawakunifungia matairi. Niliyafunga mimi, na mimi ndiye ambaye sikurudia kuyakaza. Mtoto amekiri kosa lake, na mimi nakiri langu. Kaza hizo nati, Toivo asichelewe."

Reino alizikaza. Akachukua nati moja kutoka gurudumu la nyuma, akaiweka pale palipokosekana, kisha akazungukia magurudumu yote. Alipomaliza aliketi kwenye bampa, akamwita Aili karibu.

"Unajua kwa nini wale watu wananikera?" alimwambia, sasa bila kupaza sauti. "Kila mwaka tunawaambia barabara ni mbovu. Wao hawatengenezi barabara. Wanaziba masikio ili tusiwasumbue, halafu wanasema imekwisha. Jana ulifanya vivyo hivyo. Sufi ni ya kopo na kikwaruzo, vitu ambavyo kelele yake haina maana. Gari likikuambia linaumwa, usilizibe mdomo. Sema, hata kama kazi yako itaonekana mbovu. Kazi mbovu inarudiwa. Watu hawarudiwi."

"Nimeelewa, baba."

Aili aliingiza mkono chini ya zulia la dereva, akavuta kile kipande kinene cha sufi na kukitia mfukoni. Bi Impi akampa pai moja, akawasha gari, akaanza kushuka taratibu kuelekea ziwani. Aili na baba yake walisimama kwenye baridi wakiwa wamevua kofia, masikio wazi, wakasikiliza mpaka gari likapita kona ya mwisho. Halikugonga.