Matone ya Kwanza kwa Babu

Harufu ya ndizi zilizoungua ilianza Jumatatu, kwenye kiwanda kisichopika ndizi. Mwenye kiwanda, Ludovick wa Moshono, akasema ni majirani. Ndiyo akili ya mtu aliyejifunza kutengeneza jin Ulaya wiki mbili akarudi anajiita bingwa!

Alikuwa na mtambo wa shaba, matunda ya mtarakwa ya kutia ladha kutoka Olmotonyi, na lebo yenye picha ya marehemu babu yake, mpika gongo ya ndizi. Eti urithi. Watalii wakija, anamwaga kidogo chini, "Karibu, babu," nao wanapiga picha. Sasa, kila mpika gongo anajua matone ya kwanza ya mtambo ni sumu, yanapofusha, hayanyweki. Na Ludovick, bahili wa kutupwa, ndiyo hayo aliyokuwa akimpa babu. Loo! Mzee mzima unamnywesha sumu, tena mbele ya wageni?

Jumatano mkewe, Elinipa, alikuta alama za viganja vilivyolowa ukutani, zikifuatana kutoka mlangoni mpaka kwenye mtambo, kama mtu anayepapasa njia. Alhamisi, mchana kweupe, viti viligongwa, chupa zikaguswa moja moja, na mtu wasiyemwona akahema karibu na uso wa Ludovick, pumzi ikinuka ndizi zilizoungua, vidole vya baridi vikimtambaa shavuni, puani, mpaka kwenye kope, vikatulia hapo vikibonyeza taratibu hadi bingwa wetu akajikojolea.

Elinipa akakimbilia kwa Bibi Naserian, mganga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mumeo kampofusha mzee, na mzee anatafuta macho. Ammwagie ile inayotoka katikati, iliyo safi, chupa nzima. Leo hii."

Ludovick alipoambiwa, akanong'ona, "Chupa nzima? Hiyo ni oda ya hoteli!"

"Baba Nancy, nakuomba. Ni macho yako hayo."

Akakubali. Mke alipogeuka, akajaza nusu chupa, akaongeza maji ya bomba, akamwaga kwa heshima zote. Jamani! Anamchakachulia mtu aliyepika pombe miaka arobaini.

Harufu ikatoweka. Ludovick akacheka, "Si unaona? Kaondoka."

Halafu akanyoosha mikono, akapapasa.

"Mama Nancy, umeme umekatika?"

"Umeme gani? Saa saba mchana, jua lote hili!"

Nyuma ya Ludovick sauti ya kizee ikasema, "Mimi naona vizuri, mjukuu wangu. Sasa lete chupa."