Lincoln Hakusema Hivyo

Kila asubuhi, kabla basi la shule halijafika, Lorna Stroud alikunywa uji wake wa shayiri jikoni huku akisoma ubao uliotundikwa juu ya jiko. Alikuwa akiusoma tangu alipojua kusoma. Ulichongwa na marehemu babu yake, Orville Stroud, aliyekuwa seremala, nao ulisema hivi: “Anayesimama kwa ajili ya haki haulizi kama kiti chake kitamngoja.” Chini yake, kwa herufi ndogo, paliandikwa: A. Lincoln.

Lorna alikuwa na miaka kumi na miwili, na aliishi na Bibi Arlene katika mji mdogo wa Pell Grove, jimbo la Illinois. Kule kwetu Rais Abraham Lincoln, aliyetoka jimbo letu, ni kama jamaa wa kila nyumba. Picha yake iko benki, iko kwa kinyozi, na jina lake limo hata kwenye vibao vya namba za magari. Kwa hiyo Mwalimu Hallgren alipotangaza mdahalo juu ya rais mkuu kuliko wote wa karne ya kumi na tisa, nusu ya darasa walinyoosha mikono wamtetee Lincoln. Lorna ndiye aliyepewa.

Dexter Pruitt alimchagua Grant, jenerali aliyeshinda vita vya kukomesha utumwa, kisha akawa rais; wengine wakagawana marais waliobaki.

“Grant?” Lorna akamcheka. “Rais ambaye marafiki zake waliiba mali ya serikali mpaka wakachoka?”

“Walioiba ni marafiki,” Dexter akajibu. “Kama mtu anafungwa kwa makosa ya marafiki, basi mimi nitafungwa maisha kwa ajili yako.”

Darasa zima likaangua kicheko. Lakini jambo lenyewe halikuwa mchezo. Wanafunzi wawili tu wangechaguliwa kwenda Springfield, makao makuu ya jimbo, kushindana na shule nyingine. Lorna aliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote. Hakuwa mkimbiaji, hakuwa mwimbaji, na kwenye hesabu alikuwa wa katikati. Kusema ndiko alikojaliwa.

Raundi ya kwanza ilifanyika darasani siku ya Ijumaa. Dexter alieleza jinsi Grant alivyotuma askari kuwakomesha wauaji waliojifunika nyuso na kuwatisha watu Weusi wasipige kura. Alisema vizuri. Lorna akaona darasa linaegemea upande wa Dexter. Ilipofika zamu yake, alisimama, akashusha sauti, akasema, “Lincoln mwenyewe alituachia neno: anayesimama kwa ajili ya haki haulizi kama kiti chake kitamngoja.”

Darasa likatulia. Kisha wakapiga makofi, hata wale wa upande wa Dexter.

Dexter akanyoosha mkono. “Mwalimu, nina swali. Alisema wapi?”

“Swali halali,” akasema Mwalimu Hallgren. “Lorna, anayenukuu hutaja chanzo.”

Lorna alihisi masikio yanawaka. Angeweza kusema, “Sijui, nimeyaona jikoni kwetu.” Lakini macho yote yalikuwa kwake, na makofi bado yalimlia kichwani. “Kwenye barua,” akasema. “Ya mwaka 1858.”

“Vizuri sana. Jumatatu, kwenye raundi ya mwisho, uilete, tuiweke mbele ya waamuzi.” Mwalimu akaligeukia darasa. “Na nyote mkumbuke kanuni. Ushahidi wa kubuni unamtoa mtu kwenye timu, hata awe hodari kama nani.”

Walipotoka, Dexter alimfuata mpaka penye basi. “Lorna, Lincoln wako leo amesemaje? Amesema kutanyesha?”

“Nenda zako, Dexter.”

“Amesema niende zangu? Mwaka gani huo? Kwenye barua ipi?”

Jumamosi maktaba ilipofunguliwa, Lorna alikuwa wa kwanza mlangoni. Siku zile simu za mifukoni zilikuwa hazijaenea. Ukitaka jambo, ulifunua kitabu. Mtunza maktaba alimletea majuzuu ya barua za Lincoln, mazito kama matofali. Lorna alianza na mwaka 1858. Alisoma barua za kisiasa, barua za mahakamani, barua za kuomba udhuru. Hakuona kiti. Akaenda mwaka wa mbele, na wa mbele yake, mpaka macho yakamuuma.

Alipofika Julai 1863 alikutana na barua fupi iliyomfanya atabasamu. Lincoln alikuwa anamwandikia Grant, ambaye alikuwa ametoka kuuteka mji wa Vicksburg. Rais alieleza kwamba wakati wa vita alidhani jenerali amekosea njia. Sasa alitaka kukiri kwamba jenerali ndiye aliyekuwa sahihi, na yeye ndiye aliyekosea. Lorna aliisoma mara mbili. Akainakili pamoja na tarehe na ukurasa, kwa vile tu ilimfurahisha.

Ila neno la kiti halikuwapo. Kabla ya kuondoka alichukua kadi nyeupe, akaandika juu yake: Barua ya Lincoln, 1858, ukurasa wa 212. Nani angefunua majuzuu yote yale? Akaificha kadi ndani ya daftari. Usiku ule hakula vizuri, na Bibi Arlene aliliona hilo.

Jumapili baada ya kanisa, wawili hao walikuwa wakimenya viazi. Lorna akauliza kama anayeuliza habari za mvua, “Bibi, babu aliyatoa wapi maneno ya ule ubao?”

“Yapi, ya kiti?” Bibi Arlene akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaweka kisu chini na kufuta machozi kwa aproni. “Mjukuu wangu, Lincoln mambo ya viti aliyajulia wapi? Huyo ni babu yako!”

Lorna akaachia kiazi. “Lakini pameandikwa Lincoln.”

“Babu yako alikuwa akiandika Lincoln chini ya kila kitu. Aliwahi kuandika ‘Funga mlango, baridi inaingia,’ akaweka Lincoln. Alisema mji huu hausikilizi seremala, lakini ukiweka jina la yule mzee wa kofia ndefu, watu wanavua zao.”

Kisha akaacha kucheka. “Ila lile la kiti halikuwa mzaha. Alikuja mwalimu hapa, mtu Mweusi, na mkewe na mtoto mchanga, akataka kupanga nyumba. Pakaitishwa mkutano wa kumkatalia kwa sababu ya rangi yake. Watu walijaa ukumbini. Babu yako akasimama peke yake, akasema mtu apewe nyumba. Alipotaka kukaa, kumbe kiti chake kimeshaondolewa. Na kiti chenyewe alikitengeneza yeye! Akasimama hivyo hivyo mpaka mkutano ukaisha. Kesho yake akachonga ule ubao.”

“Mwalimu yule akapata nyumba?”

“Alipata. Tulimpangisha vyumba vya juu, humu humu. Unalala chumba chake.”

Lorna akatazama juu darini. Halafu akaeleza yote: makofi, barua ya uongo, na ile kadi.

“Nikisema kweli watanitoa kwenye timu, Bibi. Na watamcheka babu.”

“Kumcheka watamcheka,” akasema Bibi Arlene. “Alipokuwa hai walimcheka pia, na viazi alikula. Habari ya timu siijui. Ninachokijua ni kwamba babu yako alikosea kuazima jina la mtu, na wewe umeongeza kosa lako juu ya lake. La kwake limeshapita. La kwako liko mikononi mwako.”

Lorna akaichana kadi, vipande akavitia pamoja na maganda.

Jumatatu jioni, siku moja kabla ya sikukuu ya kuzaliwa kwa Lincoln, ukumbi wa michezo wa shule ulijaa wazazi. Waamuzi watatu walikaa mezani. Lorna aliona Dexter ameandika swali kwa herufi kubwa kwenye karatasi yake, na hakuhitaji kuambiwa ni swali gani. Alipoitwa, hakumngoja amuulize.

“Kabla sijaanza,” akasema, “ninayafuta maneno niliyoyasema Ijumaa. Lincoln hakusema hivyo. Hakuna barua. Niliulizwa chanzo, nikasema uongo.”

Minong'ono ikaenea ukumbini. Mtu mmoja nyuma akacheka.

“Maneno yale ni ya babu yangu, Orville Stroud, seremala. Aliyasema kwa sababu alisimama kwenye mkutano katika mji huu, na watu wakamwondolea kiti.”

Kicheko kikakatika. Wazee wawili wa safu ya mbele wakatazama sakafu. Mwalimu Hallgren aliandika kitu, uso wake haukuonyesha lolote.

Lorna akavuta pumzi. Kifua chake kilikuwa chepesi, kama mtu aliyetua ndoo. Akaendelea, na safari hii hakushusha sauti wala kutafuta makofi. Alieleza tangazo la mwaka 1863 lililowaahidi watumwa uhuru, na jinsi Lincoln alivyopigania katiba ibadilishwe ili utumwa usirudi. Mwisho akatoa barua ya Vicksburg, akataja tarehe, juzuu na ukurasa, akaeleza jinsi rais alivyokiri kukosea mbele ya jenerali wake.

Dexter akaruka kama chura. “Asante sana, Lorna! Umesikia mwenyewe? Rais wako anasema Grant wangu alikuwa sahihi! Waamuzi, mimi nikae tu?”

Ukumbi ukavunjika kwa vicheko. Lorna mwenyewe alicheka. Kisha akajibu, “Majenerali waliokuwa sahihi ni wengi. Niletee rais mwingine aliyeandika kwa mkono wake kwamba amekosea, na hakuna aliyemlazimisha.”

Dexter akacheka, akakaa. Makofi yaliyofuata hayakuwa kama yale ya Ijumaa. Yalichelewa kuanza, na yalidumu.

Waamuzi walijadiliana, kisha wakatangaza. Dexter alikuwa amemshinda Lorna kwa alama tatu, kwa sababu Lorna alikatwa alama za ushahidi aliouondoa. Lorna akampa mkono. “Grant kashinda,” akasema.

“Kwa alama tatu za seremala,” Dexter akanong'ona. “Mimi nisingethubutu, haki ya nani.”

Mwalimu Hallgren akasimama na karatasi. “Watakaokwenda Springfield ni Dexter Pruitt,” akasema, “na Lorna Stroud.”

Lorna alidhani hakusikia vizuri. Akamfuata mwalimu pembeni. “Mwalimu, na kanuni? Si nilibuni ushahidi?”

“Ulibuni, na umelipa alama zake,” Mwalimu akasema. “Wiki ijayo utaandika kurasa mbili juu ya kutaja chanzo, na utazisoma mbele ya darasa. Lakini kanuni ilitungwa kumtoa anayeuleta ushahidi wa uongo mbele ya waamuzi. Wewe umewaletea ukweli, hata kabla hujaulizwa. Nikupe siri? Jumamosi nilikwenda maktaba kuitafuta barua yako. Niliambiwa majuzuu yote unayo wewe.”

Lorna akajifunika uso. “Kwa hiyo ulijua?”

“Nilishuku, maana anayejua barua iko wapi hafunui majuzuu yote. Nikangoja nione utafanya nini. Sikiliza, Lorna. Neno likiwa la haki, halina haja ya kuazima jina la mkubwa. Na mtu akikosea, anayekiri mapema hupoteza alama tatu, lakini anayengoja kukamatwa hupoteza kuaminiwa, na hilo hakuna mwamuzi wa kukurudishia.”

“Nimeelewa, Mwalimu.”

Kwenye meza za chakula nyuma ya ukumbi kulikuwa na supu nzito ya maharage na nyama, na mikate ya mahindi waliyoileta akina mama. Bibi Arlene alikuwa amezungukwa na watu waliotaka kusikia habari za Orville. Lorna, ambaye tangu Ijumaa hakuwa amekula vizuri, alijaza bakuli mpaka ukingoni, akamaliza, akarudi kujaza tena.