Kikompyuta cha Mama Pacha Hakirudi

Asubuhi ile Mama Pacha alikuwa kazini kama kawaida. Cherehani mbele, pasi kando, na pacha wake chini ya meza wakigombania kipande kimoja cha kitambaa. Mguu ulikanyaga, mkono ukasukuma. Lakini jicho lake lilikuwa pembeni, kwenye kikompyuta.

Kilikuwa kibao kimoja tu, ukubwa wake kama kitambulisho. Kilichomekwa kwenye televisheni kuukuu na kibodi. Alikuwa amekiwasha kabla ya kuwaogesha watoto. Watoto wameoga, wamekula, wamechafuka tena. Kikompyuta bado kinajivuta.

Darasa la jioni la watu wazima liliwaazima akina mama watano vikompyuta kama hicho. Sharti lilikuwa moja. Kila mama aandike kijitabu kuhusu kazi yake, kisomwe na wanaojifunza kusoma. Asiyeleta kazi Jumamosi, atarudisha kikompyuta na nafasi yake darasani atapewa mwingine. Mama Pacha alikuwa akiandika jinsi ya kushona sare ya shule. Kila akiandika mstari, mashine inaganda. Na Jumamosi ilikuwa keshokutwa.

"Hodi humu!" Alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, muuza simu.

"Karibu. Ukikaa, usikalie sare za watu."

Shemeji alitazama skrini, akacheka. "Bado? Nilishakwambia, shemeji yangu. Hicho ni kitu cha kuchezea watoto. Nimekiwekea mfumo mkubwa, wa mashine za maofisini, wenye maporomoko ya maji yanayotiririka kwenye skrini. Kimeshindwa. Kirudishe, ubaki na cherehani yako. Kila ndege huruka kwa ubawa wake."

"Sirudishi."

"Lakini, shemeji..."

"Nimesema sirudishi! Juzi tu nilikuwa natia dole gumba pale wenzangu wanapotia sahihi. Leo naandika, nawe unaniambia nirudi nyuma? Hata cherehani ukiikanyaga kinyumenyume, inakata uzi."

Shemeji aliinua mikono juu. "Haya, bibie. Mkaidi hafaidi."

"Atafaidi. Subiri uone."

Mama Pacha akawabeba pacha, mmoja mgongoni, mmoja kiunoni, akavuka ua hadi kwa Mama Waya. Huyu alikuwa jirani yake, fundi wa kompyuta za zahanati. Mama Waya alikuja na kompyuta yake ya mkononi. Alipofika tu, akaona kibao kimefunikwa kitambaa, akashika kiuno.

"Mwenzangu, hiki kitambaa ni cha nini?"

"Nimekifuma mwenyewe. Kinakinga vumbi. Hata televisheni naifunika."

"Televisheni unaifunika ikiwa imezimwa! Hiki kinafanya kazi, kinatoa joto, nawe umekifunika gubigubi kama mgonjwa wa homa. Kikipata joto sana, chenyewe hupunguza mwendo kisije kikaungua."

Wakacheka. Kitambaa kikaondolewa, kibao kikapoa. Mwendo ukaongezeka kidogo, kisha kikaganda tena.

"Sasa tumefika kwenye ugonjwa wenyewe," alisema Mama Waya. "Unaujua mfumo endeshi? Ni programu kuu. Ukiwasha mashine, ndiyo inayoamka kwanza. Ndiyo inayozipa programu nyingine nafasi ya kufanya kazi."

"Nafasi ipi?"

"Tazama meza yako ya kukatia. Vitambaa vyako viko kabatini, lakini unachokata lazima kikae mezani. Hii kadi ya kumbukumbu ni kabati. Ndani ya kibao kuna kumbukumbu ya kazi, ndiyo meza. Na meza ya kibao hiki ni ndogo."

Mama Pacha alitazama maporomoko ya maji kwenye skrini. "Kwa hiyo shemeji amejaza mapambo mezani. Mkasi wangu hauna pa kupita."

"Umesema wewe."

"Basi niwekee mfumo mwepesi kuliko yote!"

"Wewe ndiye mwenye mashine. Ila kwanza tuokoe kazi yako, maana kuweka mfumo mpya kunafuta kila kitu kwenye kadi."

Walinakili maandishi kwenye flashi. Kwa kompyuta ya Mama Waya wakapakua mfumo kutoka kwenye tovuti ya waliouunda, si kwa mtu wa kupita, wakauandika kwenye kadi, kisha wakairudisha kadi kwenye kibao. Kikompyuta kikawaka upesi. Lakini skrini ilikuwa nyeusi, yenye maneno machache meupe.

"Mbona giza? Nitabonyeza wapi?"

"Umetaka mwepesi kuliko yote. Huu hauna picha wala madirisha. Unaendeshwa kwa kuandika amri tu. Kuna mashine ambazo mfumo huu unazifaa sana. Sasa niambie, wewe unataka kufanya nini?"

Mama Pacha alikuna kichwa. "Kuandika. Kuweka michoro ya vipimo. Na kuchapisha."

"Hapo ndipo tulipaswa kuanzia. Nguo haikatwi kwa kutazama kitambaa, inakatwa kwa kumpima mtu."

Safari hii walichagua kwa makini. Katika familia ya mifumo iitwayo Linux, walitafuta uliotengenezwa kwa aina hiyo ya kibao. Uwe unatosha kwenye kumbukumbu yake. Uwe na madirisha mepesi na programu ya kuandikia. Na wanaoutunza wawe bado wanauletea marekebisho ya usalama. Walipoupata, Mama Waya alikunja mikono. "Bonyeza wewe. Mimi sitakuwapo kila siku."

Mama Pacha akabonyeza. Akapachika kadi, akawasha. Alikuwa bado anatunga uzi kwenye sindano, skrini ikafunguka. Akarudisha maandishi yake kutoka kwenye flashi, akaandika mstari. Akaandika mwingine. Herufi zilifuata vidole vyake bila kusita.

"Ukimaliza, kizime kutoka kwenye menyu," alisema Mama Waya. "Ukichomoa waya ghafla, kadi inaweza kuharibika."

Jumamosi, Mama Pacha alifika darasani na kijitabu chake. Wenzake wanne walikuja mikono mitupu. Vikompyuta vyao vilikuwa tayari kwenye sanduku la msimamizi wa darasa.

"Mashine hizi ni mbovu," alisema msimamizi. "Tunazirudisha kwa waliotupa. Hata yako, mama. Moja haitoshi kufundishia."

Mama Pacha alisimama mbele ya sanduku. "Si mbovu. Zote zimewekewa mifumo mizito, zimevishwa makoti ya mababu wakati ni watoto wachanga. Tupe wiki moja."

"Na zikiganda tena?"

"Chukua na yangu. Chukua na nafasi yangu. Lakini leo, hakuna kinachotoka humu!"

Akina mama wakapiga vigelegele. Mmoja akatoa kikompyuta chake sandukuni bila kuomba ruhusa. Wa pili akafuata. Msimamizi alitazama sanduku likibaki tupu, akatikisa kichwa. "Wiki moja," akasema.

Wiki ile, kibarazani kwa Mama Pacha, kila mama alieleza kazi yake, akatafuta mfumo wake, akauweka kwa mkono wake. Jumamosi iliyofuata vijitabu vitano vilikuwa mezani: sare, kuku, sabuni, mboga, na ususi.

Mwanafunzi mgeni alichukua cha sare. Alisoma kwa sauti, akifuata kwa kidole. Akakwama kwenye neno "kwapa". Wengine walitaka kumtajia.

"Mwacheni," alisema Mama Pacha.

Mgeni akavuta pumzi. Akarudi mwanzo wa mstari, akalifikia lile neno, akalisoma, akaendelea.