Kazi Anayoifanya Aliyelala

Kila mchana, kengele ya shule ikilia, Chiriku alikuwa wa kwanza kufika getini. Jina hilo la utani alipewa na wenzake kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Siku hizo alikuwa akikimbilia nyumbani kumpakulia chakula mjomba wake, fundi wa magari, aliyekuwa kitandani tangu jeki ilipoteleza na gari likamvunja mguu. Mama yake alishinda kiwandani akishona sare, na kabla ya kuondoka asubuhi aliacha sufuria mbili mezani, zimefunikwa.

"Mjomba, chakula tayari," Chiriku alisema siku ya kwanza, ameshika sahani ya wali na maharage.

Mjomba aliisukuma kando. "Kula wewe, mpwa wangu. Chakula ni cha wanaotoka jasho. Mimi nimelala hapa kama gogo, natumia nguvu gani?"

Maneno hayo yalimwingia Chiriku akilini. Hata redio ikizimwa haili betri. Isitoshe, alikuwa na njaa na maharage yalinukia. Akala sahani yake, kisha ya mjomba.

Jioni mama aliuliza, "Mjomba wako amekula?"

"Amekula, mama. Sahani ilibaki nyeupe."

Sahani kweli ilikuwa nyeupe, ila aliyeisafisha hakumtaja. Mjomba naye alimega matonge mawili matatu ya chakula cha jioni, akisema bado ameshiba cha mchana.

Ikawa ndiyo desturi yao. Mjomba, aliyekuwa bingwa wa masihara, akaanza kunyamaza. Mashavu yakabonyea. Jua likiwaka nje, yeye alijikunyata ndani ya blanketi. Alasiri moja aliomba magongo yake ajaribu kufika mlangoni. Hakufika. Macho yaliingia kiza, miguu ikalegea, na Chiriku akawahi kumdaka, wote wawili wakaangukia kochi.

Mguu haukuumia tena. Lakini Chiriku alishtuka kuona jinsi mtu aliyezoea kubeba gurudumu la lori begani alivyokuwa mwepesi mikononi mwake.

"Usimwambie mama yako," mjomba alinong'ona.

Kesho yake ilikuwa siku ya kwenda zahanati, na mama na Chiriku walimsindikiza mjomba. Muuguzi alimpima mjomba uzito, akaisoma mizani mara mbili.

"Mfupa unaunga polepole mno," alisema. "Huyu anakula?"

"Kila mchana, sahani nzima," mama alijibu bila wasiwasi. "Muulize binti yangu, yeye ndiye anayempakulia."

Mjomba alimtikisia kichwa kidogo, kumwonya. Lakini Chiriku aliukumbuka ule wepesi wa jana, akaamua.

"Hali, mama. Chakula chake nakila mimi. Nilikuwa nakudanganya."

Mama alimgeukia kwa ukali.

"Usimgombeze, dada," mjomba akasema haraka. "Mimi ndiye niliyempa. Mtu asiye na kazi anakula cha nini?"

Muuguzi alionyesha kitanda cha kupimia wagonjwa. Alimwambia Chiriku apande kitandani, alale na atulie kabisa.

"Unafanya kazi yoyote hapo?"

"Hapana."

"Weka kiganja kifuani. Unasikia nini?"

"Moyo unadunda."

"Usimamishe kidogo."

Chiriku akacheka. "Siwezi."

"Basi zuia pumzi."

Alizuia mpaka mashavu yakavimba, kisha pumzi ikamponyoka kwa kishindo. Hata mama alitabasamu.

"Umelala, lakini mwili uko kazini," muuguzi alisema. "Moyo unasukuma damu, mapafu yanapumua, ubongo unafikiri, ini na figo vinachuja, na joto lazima lidumu. Kwa watu wengi, zaidi ya nusu ya nguvu ya siku nzima huishia kwenye kazi hizo za kimya kimya. Mwenye mfupa uliovunjika huhitaji zaidi, maana kuna ujenzi unaendelea. Mwili ukinyimwa chakula hupunguza mwendo, mtu akahisi baridi na uchovu, kisha huanza kula misuli yake wenyewe."

Mjomba aliutazama mkono wake uliokonda. "Kumbe ni kama gari lililosimama huku injini inanguruma. Haliendi popote, na mafuta yanaisha."

"Na injini hii hatuizimi," muuguzi akamjibu.

Tangu siku hiyo mjomba alikula wali wake, maharage yake na yai juu yake, Chiriku akiwa ameketi mbele yake akimsimulia habari za shule. Baridi ilimtoka, masihara yakarudi. Mfupa ulipounga, alitembea mwenyewe hadi gereji na kushika spana.

Mama alimwita Chiriku jioni ya siku hiyo.

"Mjomba wako hakujua jinsi mwili unavyotumia chakula, na muuguzi alimfundisha akajua. Wewe ulijua hajala, ukaniambia amekula. Nisingeweza kumsaidia kwa habari ya uongo. Siku nyingine ukimwona mgonjwa hali, niambie, hata akikukataza."

"Nitakuambia, mama."

"Najua utaniambia," mama alisema. "Pale zahanati ulisema ukweli mbele ya watu wote, na ndiyo maana leo kaka yangu anatembea."