Tundu Nyuma ya Choo

Kila asubuhi kabla ya shule, Raudha wa Tabata hufagia uwanja na kumwogesha mdogo wake, Nunu. Lakini Novemba ile, nani angefagia? Mvua za vuli zilinyesha siku tisa mfululizo, hata vyura, nasikia, walipanda juu ya mabati kuomba hifadhi. Kichochoro kiligeuka mto, na mto wenyewe ulinuka.

"Kuna mtu anatapisha choo," baba yake, Mashaka, aliwaambia majirani akiwa ameziba pua. "Anasubiri mvua, anaufungulia uchafu wake uende kwa wenzake. Ni Mzee Zahor tu, yule wa dukani. Mie namjua!"

Tangu siku hiyo majirani walimtazama Mzee Zahor kwa jicho la pembeni. Wengine waliacha hata kumsalimia. Raudha naye, alipotumwa sukari, alizunguka kwanza nyuma ya duka, akachungulia kila pembe. Hakuona kitu.

"Unatafuta nini huko, mjukuu wangu?"

Raudha alishtuka. "Shikamoo, babu. Natafuta… paka."

"Marahaba. Paka na mvua hii? Labda utafute kambare!"

Mbona anacheka? Raudha akazidi kumshuku.

Siku ya kumi Nunu, ambaye alikuwa ameyachezea yale maji, alianza kuharisha. Kufika adhuhuri macho yake yalikuwa yameingia ndani. Mama alimfunga kanga, na Raudha akakimbia kumwita baba.

Mvua ilikuwa imeshika tena. Alimkuta baba nyuma ya choo chao, amechutama, anachomoa tofali lililoziba tundu ubavuni mwa shimo. Maji meusi yakabubujika kuelekea kichochoroni.

"Baba!"

Mashaka aliruka. "Shimo limejaa, mwanangu. Tungefanyaje? Usimwambie mtu."

"Nunu anaharisha, baba. Hawezi hata kusimama."

Tofali lilimponyoka mkononi.

Kwenye zahanati, muuguzi Demetria alimtundikia Nunu dripu. "Kachezea maji gani huyu? Semeni ukweli. Kama wenzake bado wamo humo, wataletwa wote."

"Kuna mzee mmoja mtaani kwetu…" Mashaka alianza.

"Si Mzee Zahor!" Raudha alimkatiza. "Ni choo chetu."

Mashaka aliinamisha kichwa. "Kweli, sista. Ni mimi."

Jioni ile alipita nyumba kwa nyumba akiwaambia watu wawatoe watoto majini na wachemshe maji ya kunywa. Aliziba tundu kwa saruji, na mvua ilipopungua akaita gari la kunyonya majitaka. Hakuna mtoto mwingine aliyeugua. Siku ya tatu Nunu alirudi nyumbani na njaa ya watu wanne.

Mashaka alimshika Nunu mkono, wakaenda na Raudha dukani kuomba radhi.

"Nimekusamehe," alisema Mzee Zahor, "ingawa wiki nzima nimekosa wa kunisalimia. Ila sikilizeni. Uchafu ukiukabidhi kwa mvua, hauchagui mlango. Utaingia hata kwako. Na wewe Raudha, kusema kweli mbele ya mzazi aliyekosea si utovu wa adabu. Umemwokoa mdogo wako, na baba yako pia."