Mbegu za Kuhesabia

Katika shule ile, kila mtoto anayeanza chekechea hutakiwa kuleta daftari, penseli na vihesabio hamsini. Vihesabio vyaweza kuwa vijiti, vizibo vya soda au mbegu. Wengi hupeleka mbegu, kwa sababu hazinunuliwi. Nyuma ya vyoo vya shule kulikuwa na mimea mirefu iliyotoa mbegu laini zenye mabaka ya kahawia na kijivu, ziking'aa kama zimepakwa mafuta. Watoto waliziokota pale mwaka hadi mwaka. Hakuna aliyeuliza mimea ile inaitwaje. Ilikuwa majani ya chooni tu.

Msichana mmoja wa darasa la sita alijaza chupa kwa ajili ya mdogo wake. Majirani walimwita Msomi, kwa kuwa hakuwahi kushuka chini ya nafasi ya tatu darasani. Mdogo wake aliitwa Kijiko. Alikuwa na miaka minne, na hakulala bila kijiko mkononi. Mwezi uliofuata angeanza chekechea. Msomi alichagua mbegu hamsini zilizong'aa kuliko zote. Aliziosha, akazikausha, akazitia kwenye chupa.

Jumamosi asubuhi walikaa kwenye mkeka. Mama yao, fundi cherehani, alikuwa mlangoni akishona sare za shule. Cherehani ilipiga kelele, ikanyamaza, ikapiga tena.

"Haya, hesabu," Msomi alisema.

"Moja, mbili, tatu, tano."

"Nne iko wapi?"

"Nimeila."

Mama alicheka bila kuinua macho. Lilikuwa jibu la Kijiko la siku zote. Kiatu kiko wapi? Nimekila. Baba yuko wapi? Nimemla. Msomi naye alicheka, akaenda kuchota maji. Chupa ilibaki kwenye mkeka, haina kifuniko.

Saa nane mchana Kijiko alitapika. Alitapika tena, na tena. Kisha akaanza kuharisha. Saa tisa hakutaka kusimama. Mama aliacha sare chini ya sindano, akambeba mgongoni. Msomi alifuata na kanga ya akiba.

Tabibu wa zahanati alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye maneno machache. Alimpima Kijiko joto, akamvuta ngozi ya tumbo, akamtazama ulimi.

"Amekula nini, mama?"

"Walichokula wenzake, daktari. Uji asubuhi, maharage mchana. Sisi wengine hatujambo."

"Ni mtoto wa nne leo. Nadhani ni maji ya bomba la chini. Chukua pakiti hizi za chumvi na sukari. Changanya na maji yaliyochemshwa. Akizidi, mrudishe."

Mama aliinuka. Alikuwa amekwisha kumfunga mtoto mgongoni kwa kanga, Msomi aliposema, "Daktari, asubuhi alisema amekula nne."

"Nne ya nini?"

"Ya vihesabio."

"Mwanangu, huyu husema hivyo kila siku," mama alisema. "Jana alisema amekula redio."

Tabibu hakucheka. "Vihesabio gani?"

"Mbegu."

"Mbegu za nini?"

Msomi alifungua mdomo. "Za... vihesabio."

"Nauliza mmea. Zinatoka kwenye mmea gani?"

"Ule wa nyuma ya vyoo vya shule."

"Majani yake yakoje?"

"Ya kijani."

"Majani karibu yote ni ya kijani. Ni mapana au membamba? Yamechanika kama vidole, au ni mazima? Tunda lina miba?"

Msomi alijaribu kuuona mmea ule akilini. Aliona ukuta. Aliona mlango wa choo, na maneno yaliyoandikwa mlangoni kwa mkaa. Mahali pa mmea palikuwa na kitu cha kijani tu, hakina umbo.

"Umesoma sayansi?" tabibu aliuliza.

"Ndiyo. Nilipata tisini na mbili."

"Unapita pale mara ngapi?"

"Kila siku."

"Basi kimbia. Niletee tawi la mmea huo, lenye jani na tunda. Pitia nyumbani ulete hiyo chupa. Hesabu zilizobaki. Tazama sakafuni kama kuna maganda." Alimgeukia mama. "Mrudishe kwenye kitanda cha kupimia. Kama ingekuwa maji mabaya, angekwenda nyumbani. Kama ni mbegu ninayoifikiria, hatoki mikononi mwetu."

Msomi alikimbia. Nyumbani alimwaga mbegu kwenye mkeka na kuzihesabu mara mbili. Zilikuwa arobaini na sita. Aliinua mkeka. Chini yake palikuwa na maganda ya mbegu mbili, yamepasuliwa kwa meno. Nyingine mbili hakuziona.

Geti la shule lilikuwa wazi. Nyuma ya vyoo alisimama mbele ya mmea aliopita karibu nao kwa miaka sita. Ulikuwa mrefu kumzidi baba yake. Shina lake lilikuwa na wekundu na vifundo kama mwanzi. Jani moja lilikuwa pana kuliko sahani, limegawanyika kama kiganja chenye vidole vinane, na kingo zake zilikuwa na meno kama msumeno. Matunda yalikaa kwa vichala, yenye miba laini. Moja lilikuwa limekauka na kupasuka, na ndani mlikuwa na mbegu tatu. Alijiuliza ilikuwaje asiyaone haya yote. Halafu akavunja tawi.

Tabibu alipoliona tawi, hakuhitaji kuligusa.

"Mbarika," alisema. "Wengine huuita mnyonyo. Ganda la mbegu ni gumu. Mtoto akiimeza nzima, mara nyingi hupita ilivyo. Akiitafuna, sumu iliyo ndani hutoka. Hakuna dawa ya kuiondoa sumu hiyo. Tunachoweza ni kumpa maji kwa mshipa na kumwangalia usiku na mchana, kwa siku kadhaa. Hapa sina kitanda cha kumlaza. Anakwenda hospitali kubwa sasa hivi."

"Na kama tungerudi nyumbani?" mama aliuliza.

"Sumu hii hudanganya. Mtoto anaweza kutulia kidogo, mkadhani amepona, kisha hali ikageuka. Tusibishane na muda, mama."

Baba yao, fundi wa kuchomelea vyuma, alifika akiwa bado na miwani yake ya kazi juu ya paji la uso. Alielezwa. Alilitazama tawi, akamtazama Msomi.

"Nani alimpa?"

"Mimi," Msomi alisema.

Baba alimbeba Kijiko hadi kwenye gari la wagonjwa.

Kijiko alilazwa siku tisa. Siku ya tatu alihara damu. Siku ya nne hakuwatambua. Mama alilala sakafuni chini ya kitanda. Sare za watu zilibaki nusu, wenyewe wakaja kuzichukua na kumpelekea fundi mwingine. Nyumbani, Msomi alipika na kufua. Mwenyewe hakugusa chakula. Jioni ya siku ya tano baba alimsukumia sahani.

"Hata mimi niliziokota mbegu hizo nikiwa mdogo," alisema. "Pale pale chooni. Nami sikuuliza. Kwa hiyo acha kujila, mwanangu. Kula chakula."

Jumatatu, Kijiko akiwa na siku ya tatu hospitalini, tabibu alikuwa amekwenda shuleni na lile tawi, limenyauka. Mwalimu wa sayansi alimkaribisha kwa heshima, lakini alijikunja kidogo alipoelezwa.

"Sura ya mimea tumeimaliza muhula uliopita," alisema. "Wastani wa darasa ulikuwa sabini na nane."

"Sina shaka. Una chaki nzuri sana, mwalimu. Nimeliona hilo ua ubaoni, lina kila sehemu na jina lake. Ni ua la mmea gani?"

Mwalimu aligeuka kulitazama ua alilolichora yeye mwenyewe kwa miaka kumi na minne. "Ni... ua," alisema. "La kufundishia."

Kisha mwalimu akachukua ufunguo wa darasa la chekechea. Walifungua chupa zote na kuzimwaga mezani. Kati ya chupa arobaini, kumi na moja zilikuwa na mbegu za mbarika. Chupa mbili zilikuwa na mbegu nyingine, nyekundu zenye doa jeusi.

"Na hizi?" mwalimu aliuliza.

"Hizi ni sumu vilevile. Toa zote. Tumia vizibo."

Siku ile ile mwalimu alilitoa darasa la sita nje. Aliwapanga nyuma ya vyoo, akanyoosha rula.

"Hii ni nini?"

"Majani, mwalimu."

"Na hii?"

"Magugu."

"Na ile kule ukutani?"

"Adhabu ya wachelewaji," kijana mmoja mrefu alijibu. "Mimi naijua sana hiyo, mwalimu. Nimeing'oa tangu darasa la tatu."

Wenzake walicheka. Mwalimu hakukasirika. Jambo lile lilikuwa kweli. Katika shule ile mmea ulikuwa mambo mawili: mchoro wa mtihani, au kazi ya aliyekosa. Mtoto hawezi kukitazama vizuri kitu anachopewa kama fimbo.

Walirudi darasani. Mwalimu alisema, "Tutoe nje kila kitu kilichotokana na mmea."

Walianza na madawati, kwa sababu ni mbao. Wakataja mlango, daftari, penseli, ufagio. Msomi alisema uji wa asubuhi. Mwingine akasema mkaa ulioupika. Kisha kijana mrefu akavuta kola ya shati lake.

"Hii ni pamba. Mwalimu, tukitoa vyote tutabaki uchi, tumekaa kwenye saruji, na tuna njaa."

"Naam," mwalimu alisema. "Na tusingepata hewa ya kulalamikia. Mimea ndiyo inayoitoa hewa tunayovuta."

Kuanzia wiki ile kung'oa majani hakukuwa adhabu tena. Kila mwanafunzi alichagua mmea mmoja ulio katika njia yake ya kila siku. Kila Ijumaa aliutembelea na kuandika: jani lina umbo gani, limebadilika nini, mdudu gani amekuja. Aliuliza watu wazima wawili jina lake na kazi yake. Asiyejua aliandika "sijui bado". Mwalimu alisema jibu hilo lina alama, ila kubahatisha hakupati alama. Palikuwa na masharti mawili: asiyeujua mmea asiutie mdomoni, na mtoto akila asichokijua, apelekwe kwa tabibu pamoja na tawi.

Baadhi walitaka mibarika ikatwe yote. Mwalimu aliwauliza wameambiwa nini juu ya kazi yake. Mzee mmoja muuza mafuta alikuwa amemweleza Msomi kwamba mbegu zile zikikamuliwa na kuchujwa kitaalamu hutoa mafuta ya mashine, ya sabuni, hata ya dawa. Baba yake Msomi alithibitisha. Mwishowe mimea iliyokuwa karibu na chekechea iliondolewa. Mmoja uliachwa upande wa darasa la sita, ukazungushiwa uzio wa vyuma ambao fundi wa kuchomelea aliuleta bila kuombwa. Kwenye uzio kuna kibao: MBARIKA. MBEGU NI SUMU. Msomi aliuchagua mmea huo. Wenzake walichagua mipapai na maua. Hakuna aliyemwuliza kwa nini.

Kijiko alirudi nyumbani mwepesi kama kanga iliyokauka. Hakusema tena "nimeila". Ukimwuliza kiatu kiko wapi, alionyesha kwa kidole. Na maharage alikataa. Aliyatazama kwenye sahani, yenye rangi ya kahawia na yanayong'aa, akafunga mdomo. Mama alibembeleza. Baba alitishia. Mtoto alilia bila sauti.

"Jina lake nani?" aliuliza siku moja.

"Maharage," Msomi alisema.

"Yanatoka wapi?"

Msomi alianza kusema "sokoni", akajizuia. Alichukua kopo tupu la rangi kutoka karakana ya baba, akalitoboa chini kwa msumari, akalijaza udongo. Kijiko alichimba shimo kwa kijiko chake. Walipanda mbegu tatu za maharage.

Mbili ziliota. Msomi alimwonyesha mdogo wake majani mawili ya kwanza, kisha yale yanayokuja matatu matatu. Walifunga kamba ili mimea ipate kupanda. Walimwona nyuki kwenye ua jeupe. Ganda la kwanza lilipotokea, Kijiko alilitazama kila asubuhi kabla ya kunawa uso.

Wakati huo mwanamke mmoja aliingia zahanati na mtoto aliyekuwa akitapika. Mkononi alishika tawi lenye matunda madogo meusi. "Binti yangu wa darasa la sita kanikatalia kutoka nyumbani bila hili," alisema. "Kaninyang'anya hata mkoba." Tabibu aliligeuza jani. Aliujua mmea ule. Matunda yake yakiiva hayadhuru. Alitafuta sababu nyingine ya kutapika, akaipata kabla mtoto hajaishiwa maji mwilini.

Maganda ya maharage yalikauka mwezi wa tatu tangu kupandwa. Kijiko aliyapasua mwenyewe. Zilitoka mbegu kumi na nne. Alitia moja mdomoni? Hapana. Aliziweka zote kwenye kiganja cha mama.

"Mbichi zinaumiza tumbo," alisema. "Zipike sana."

Mama alizipika hizo tu kwenye sufuria ndogo, saa nzima na zaidi. Kijiko alikaa kwenye mkeka ule ule. Alichota kwa kijiko.

"Moja," alihesabu, akatafuna. "Mbili. Tatu." Alimeza, akamtazama dada yake.

"Nne iko wapi?" Msomi aliuliza.

Kijiko aliichukua kwa vidole, akaitazama pande zote mbili, akaila.