Ukoko wa Kimondo

Kila jioni, katika nyumba yao ya Bani Malik, Jeddah, Mwikali alisugua sufuria. Mama yake, Winfred, hakuvumilia ukoko hata kidogo, na Mwikali alisugua kwa waya wa chuma mpaka sufuria ikang'aa.

Shuleni, yeye na Velma hawakupikika chungu kimoja. Walichukiana waziwazi na kunyang'anyana hata chaki. Basi Mwalimu Laban alipowakabidhi wote wawili kimondo kidogo kilichookotwa jangwani, alijitafutia balaa. Kimondo kingepelekwa maabara huko Riyadh, ionekane kama kina kwasikristali. Hizo, aliwaeleza, ni fuwele zenye chembe zilizopangika vizuri, ila mpangilio wake haujirudii kama wa vigae vya sakafuni, na katika vimondo ni adimu mno. Wangekitunza kwa zamu, na ambaye angekitunza vizuri zaidi ndiye angesafiri nacho.

"Mnaona huu ukoko mweusi?" alisema. "Kiliungua kikipita angani."

Mwikali alishika neno moja tu: ukoko. Siku ya zamu yake alikipeleka nyumbani, akakisugua kwa waya wa sufuria mpaka kikawa kijivu chenye vimeremeto.

Mwalimu alipokiona alifoka. Ukoko ule ulikuwa ushahidi kwamba jiwe limetoka angani. Alipouliza nani kaliharibu, Mwikali aliogopa, akamnyooshea Velma kidole. Velma akafutwa safarini papo hapo.

Hakulia. Alimkazia Mwikali macho. "Nilikuchukia bure," alisema. "Sasa nina sababu."

Jioni Winfred alishika waya wake, akaukuta umemeguka na umejaa unga mweusi. Alimbana Mwikali kwa maswali mpaka akasema yote. Hakumpiga wala hakumbembeleza. Asubuhi, kabla ya kwenda kazini, alimsimamisha mbele ya Mwalimu na Velma.

"Ni mimi," Mwikali alisema. "Nilidhani ukoko ni uchafu. Hivyo vimeremeto ni vya waya wetu."

Mwalimu Laban alikigeuzageuza kimondo. Ndani kilikuwa bado kizima, na maabara wangeweza kukipasua wachunguze huko ndani.

"Kosa la ukoko tunagawana, maana sikulieleza neno," alisema. "Uongo ni wako peke yako. Umemwonea mwenzako, na wachunguzi wangedhani waya wa sufuria ni chuma cha angani. Ukikosea, sema mapema, hata ukiaibika."

Akamwamuru aandike kibandiko cha kuandamana na jiwe: "Limesuguliwa na Mwikali kwa waya wa sufuria."

Velma ndiye aliyesafiri. Hakumsamehe. Kabla ya kuondoka alikisoma kibandiko, akakirudisha, akataka jina liandikwe kwa herufi kubwa zaidi. Mwikali alichukua kalamu, akaliandika upya.